Naomba ushauri: mtaalamu wa usemi kwa mtoto mwenye usonji (autism), Eastlands, Nairobi

Habari zenu, wazazi wenzangu. Mwanangu ana miaka 3 na miezi 8, na mwezi wa pili daktari alithibitisha ana usonji. Hasemi bado, ila akitaka maji ananivuta mkono hadi kwenye mtungi. Tuliambiwa aanze tiba ya usemi mapema.

Tunaishi Kayole. Nimepiga simu vituo vitano. Vitatu foleni ni ya miezi, kimoja hakichukui walio chini ya miaka minne, na cha mwisho kiko Westlands, shilingi 3,500 kwa dakika 45. Mara mbili kwa wiki hatuwezi. Tena ni matatu mbili, na mnaujua muziki wa matatu zetu: anaziba masikio na kulia mpaka tunashukia njiani. Hospitali ya umma imetupa tarehe ya mbali.

Kuna anayemjua mtaalamu mwenye nafasi upande wa Donholm, Umoja au Buruburu, au anayekuja nyumbani? Na tukiwa tunasubiri, nyinyi mlianza na nini nyumbani? Dawa za mitishamba tafadhali hapana, mama mkwe ameshazijaribu zote.

Asanteni.