Wanafunzi wanane wa darasa la tano hawaji kila Alhamisi ya gulio, nianzie wapi?

ChakiNyeupe: Wakuu, shikamooni na habari za kazi. Nahitaji ushauri. Shule ya msingi ya kijijini, darasa la tano, wanafunzi 50. Alhamisi ni gulio, na wanane siku hiyo hawaonekani. Wengine hupitiliza mpaka Ijumaa au Jumatatu. Wastani wa mahudhurio kwa mwezi ni asilimia 92, kwa hiyo ofisini wanaona mambo safi. Mtendaji wa kijiji aliwaita wazazi. Baada ya wiki mbili tumerudi palepale.

RejistaMkononi: Mwalimu, huo wastani ndio unaowaficha hao watoto. Wanafunzi 50 kwa siku 20 ni mahudhurio 1,000. Asilimia 92 maana yake yamepotea 80. Kama yote 80 ni ya hao wanane, kila mmoja amekosa siku 10, yaani nusu ya mwezi!

Chukua rejista ya wiki nne, usiisome kwa siku, isome kwa jina. Andika pembeni: siku alizokosa, ni siku gani ya wiki, sababu aliyotoa. Ruhusa na ugonjwa navyo vihesabu, kwa sababu somo limempita vilevile. Akifikisha siku 2 kati ya 20 anza kumfuatilia, usingoje ziwe 10. Mwaka wetu una siku 194 za masomo. Anayekosa Alhamisi peke yake anapoteza kama siku 38, zaidi ya wiki saba.

Na hiyo Ijumaa ina maelezo yake. Alhamisi umefundisha KDS (kigawe kidogo cha shirika), Ijumaa unajumlisha sehemu zenye asili tofauti. Aliyetoka gulioni anaangalia 1/3 + 1/4 na kuandika 2/7. Akichapwa kwa utoro na tena kwa kukosa hesabu, Jumatatu hutamwona. Fimbo iache kabisa. Mpe dakika 15 kabla ya kipindi, akae na mwenzake aliyeelewa, apitie mifano miwili ya jana.

BiMkubwaKata: Naunga mkono. Nenda nyumbani kwao, ila si Alhamisi, hutamkuta mtu. Usiulize "kwa nini haji", uliza gulioni anafanya kazi gani. Anayebeba mzigo, kubalianeni aufikishe alfajiri kisha aje shule hata kama amechelewa. Anayebaki kulea mdogo wake ni suala jingine: mama atozwe faini mara ngapi, kichanga bado hakina wa kukiangalia. Hapo tafuteni jirani wapeane zamu.

Wasichana waangalie kipekee. Siku wanazokosa zikirudi kila baada ya wiki nne hivi, gulio halihusiki. Kagua choo: kina maji, kina komeo la ndani? Taulo za kike zipo kwa mwalimu wa kike?

UjiWaMoto: Anzeni na uji wa Alhamisi tu. Gramu 50 za unga kwa mtoto, watoto 50 ni kilo 2.5, kwa mwezi kilo 10. Kamati ya shule ipitishe kwenye mkutano wa wazazi. Kosa linaloua mpango huu ni kumnyima uji ambaye kwao hawajachangia. Mara nyingi ndiye huyo huyo mnayemtafuta.

ChakiNyeupe: Ahsanteni sana. Mmoja baba yake anasema Alhamisi ni zamu ya kijana kuchunga ng'ombe, hana mbadala. Huyu je?

RejistaMkononi: Andikianeni makubaliano: mzazi, wewe na mwalimu mkuu, zamu ihamie Jumamosi. Pimeni baada ya siku 10 za masomo. Akikaidi, rudi kwa mtendaji ukiwa na Afisa Elimu Kata, na mkononi uwe na tarehe alizokosa, tarehe ulizokwenda nyumbani na hayo makubaliano. Sheria ya Elimu inambana mzazi, lakini kama mara ya kwanza ulipeleka majina matupu, ndiyo maana hayakufika mbali.