Mrejesho: kalamu ya pistoni au ya konveta?

Asalaam alaykum. Niliuliza ninunue kalamu gani ya wino: ya pistoni, ambayo mwili wake ndio tangi, au ya konveta, ile pampu ndogo inayochomoka. Wengi mlinambia pistoni. Basi nimezitumia zote: Lamy Safari yangu yenye konveta, na TWSBI Eco, ya pistoni, aliyoniazima shemeji yangu wa Unguja.

Eco inabeba wino karibu mara mbili ya konveta, na unauona ukipungua. Kwa mtu wa kuandika kutwa, raha tupu. Taabu ni kubadili rangi. Mimi mwalimu hapa Wete: asubuhi bluu, jioni nasahihisha madaftari kwa nyekundu. Kwenye Eco nazungusha kitasa cha pistoni, maji yaingie, yatoke, yaingie tena, na bado nibu, ile ncha ya kuandikia, inatoa matone ya waridi. Safari nachomoa konveta, napitisha maji nyuma ya nibu kwa bomba la sindano, basi. Hata wino uliobaki chini kabisa ya chupa naunyonya kwa bomba hilo hilo na kuumimina kwenye konveta.

Yule aliyesema pistoni ikikaza ndiyo imekufa, kwa Eco hapana. Inakuja na spana yake na grisi ya silikoni, unaifungua mwenyewe. Na Pelikan, kampuni ya kalamu ya Ujerumani, wanauza za pistoni tangu 1929, si kitu cha kubahatisha.

Mimi nabaki na konveta. Nikijaaliwa kununua ya pili, itakuwa pistoni, ya wino wa bluu tu. Ahsanteni sana.