Likizo ya uzazi ikilipwa na mwajiri peke yake, nani anakosa ajira?

Makato_na_Posho (mwanzisha mada)

Wadau wa sheria za kazi na hifadhi ya jamii, habari zenu. Tanzania Bara, kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinampa mama likizo ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Anayelipa ni mwajiri. Kenya ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, napo mlipaji ni mwajiri. Rwanda tangu 2016 kuna mfuko wa bima ya uzazi.

Hoja inayosikika sana ni kwamba ulinzi unaolipiwa na mwajiri peke yake humgeukia anayelindwa: ofisi ndogo ikiletewa maombi mawili yanayolingana, moja la kijana wa kiume na jingine la binti wa miaka 28, inamchukua wa kiume na haiandiki sababu popote. Je, tatizo ni urefu wa likizo au ni nani anayebeba gharama? Na tukiiga Rwanda, hesabu inakubali? Naomba wenye takwimu za mshahara na vifungu.

Kokotoo

Tatizo ni mlipaji. Chukua kampuni ya watu 6, kila mmoja mshahara wa shilingi 800,000. Siku 84 ni miezi 2.8, yaani 2,240,000. Ongeza mchango wa mwajiri NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa asilimia 10, ambao ni 224,000, na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, ambayo ni 11,200. Jumla 2,475,200 kwa mtu ambaye hayupo kazini, na bado hujamlipa anayeshika nafasi yake. Mishahara yote ya mwezi ya kampuni hiyo ni 4,800,000. Kwa benki yenye wafanyakazi elfu moja gharama kama hiyo haionekani kwenye vitabu. Kwa hawa sita ni nusu ya mishahara ya mwezi, tena inakuja bila kupangwa. Kwa hiyo ubaguzi huu tuutarajie zaidi kwa waajiri wadogo.

Sasa Rwanda. Sheria ya 2016 iliweka mchango wa asilimia 0.6 ya mshahara: mwajiri 0.3, mfanyakazi 0.3, wanaume kwa wanawake. Likizo wakati huo ilikuwa wiki 12. Mwajiri alibaki na wiki 6 za kwanza, na RSSB, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Rwanda, ikabeba 6 za mwisho. Kabla ya hapo mama aliyeendelea kupumzika baada ya wiki ya sita alipata asilimia 20 tu ya mshahara, ndiyo maana wengi walilazimika kurudi kazini na kichanga cha mwezi na nusu. Mwaka 2023 likizo ikapanda hadi wiki 14, sawa na kiwango cha Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 183 wa 2000.

Kwa ile kampuni ya watu sita, 0.3 ya mwajiri ni shilingi 14,400 kwa mwezi. Hata ikiajiri wanawake watupu, mchango ni uleule, na hapo ndipo nguvu ya mfumo ilipo. Ukikosea ukauweka mchango kwa wafanyakazi wa kike peke yao, umeirudisha ile bei ya kumwajiri mwanamke kwa mlango wa nyuma.

Ila msikimbilie 0.6 kama namba ya bahati. Mchango wa mtu mmoja kwa mwaka ni 12 × 0.006, yaani 0.072 ya mshahara wa mwezi. Gawa 2.8 kwa 0.072 unapata karibu 39. Maana yake 0.6 inatosha kulipa siku zote 84 ikiwa kwa kila wachangiaji 39 kuna likizo moja tu kwa mwaka, na hapo gharama za uendeshaji sijaweka. Ukilipia nusu ya likizo, inakuwa mmoja kwa kila 19 hivi. Kwa wanachama wengi walio katika umri wa kuzaa, kulipia nusu kunavumilika. Siku zote 84 zitahitaji mchango mkubwa zaidi.

Makato_na_Posho

Asante mkuu. Lakini NSSF si ina fao la uzazi tayari?

Kokotoo

Linalo, na ndiyo ajabu yenyewe. Masharti ni michango ya angalau miezi 36, na kati ya hiyo 12 iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Linalipwa kwa wiki 12. Fao ni la mwanachama. Sheria ya kazi haimpunguzii mwajiri siku hata moja kwa sababu ya fao hilo. Kwa hiyo mfuko unatoa fedha, na woga wa mwajiri unabaki palepale. Na binti aliyeanza kazi mwaka jana, ambaye ndiye anaogopwa, hajafikisha miezi 36.

Fomu_Namba_Moja

Hesabu ya Kokotoo ni nzuri lakini inagusa mshahara tu. Bima haimrudishii mwajiri mtu aliyekuwa anajua kazi. Baba anapata siku 3 tu za malipo chini ya kifungu cha 34, ilhali mama ana 84. Mradi pengo hilo lipo, mwajiri ataendelea kujua ni jinsia gani itaondoka mezani kwa muda mrefu. Kenya wana wiki mbili za baba, si nyingi, ila ni hatua.

Na tuangalie upenyo ambao mfuko hauzibi. Sheria inamtaka mama atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Akiwa mgeni kazini, taarifa hiyo inaweza kuangukia ndani ya miezi 6 ya kwanza, kipindi ambacho kifungu cha 35 kinamnyima ulinzi wa usitishaji ajira usio halali. Mwajiri anaandika "hakufaulu majaribio" na biashara imekwisha.

Wengi hukata tamaa hapo, kumbe kifungu cha 7 kuhusu ubaguzi hakina sharti la miezi 6. Kinataja ujauzito na hali ya ndoa kwa majina, na kinamhusu hata anayeomba kazi. Kwa mkataba wa muda maalumu, soma kifungu cha 36: kutouhuisha mkataba pale mfanyakazi alipokuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishwa ni usitishaji, na kumzuia mama kurudi kazini baada ya likizo nako ni usitishaji.

Kesi nyingi hufia kwenye muda. Mgogoro wa usitishaji unafunguliwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30 kwa fomu namba 1. Migogoro mingine, ukiwemo wa ubaguzi, siku 60. Ukichelewa unahitaji fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, na sababu ya "nilikuwa nanyonyesha" bila cheti cha hospitali ni dhaifu. Tunza nakala ya taarifa ya ujauzito yenye sahihi ya aliyeipokea. Bila hiyo mwajiri atasema hakujua, na asiyejua hawezi kuambiwa alibagua kwa sababu hiyo.

Shamba_la_Maua_KE

Huku Kenya shida kubwa iko kwa vibarua, ambao mjadala wenu umewaruka. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, ajira yake ihesabiwe kuwa ya mwezi. Basi mwajiri mjanja anawapumzisha siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha anawaita tena. Ukienda kudai, daftari la mahudhurio liko kwake. Kwa mwanamke wa namna hiyo miezi mitatu ya kifungu cha 29 haina maana, kwani mimba ikionekana haitwi tena. Hakufukuzwa, hakuitwa tu.

Mkiunda mfuko, haki ya fao ihesabiwe kwa siku zilizochangiwa popote, kwa mwajiri yeyote, na mama alipwe moja kwa moja na mfuko. Mfumo wa mwajiri kulipa kwanza kisha kudai arejeshewe unamfaa mwenye mkataba wa kudumu. Na mwajiri akiwa na malimbikizo ya michango, anayecheleweshewa asiwe mama. Mfuko umlipe kwanza, halafu umfuate mdaiwa.

Fomu_Namba_Moja

Naongeza kwa hilo: kadi ya kibarua ipigwe picha kila wiki, na malipo yapitie simu, maana ujumbe wa muamala una tarehe ambayo mwajiri hawezi kuifuta.