Wakuu, hadithi nzima itaenea vipi kwa ubavu wa nganya, yaani matatu ya michoro?

FundiRangi_Umoja: Wakuu habari za jioni. Nachora matatu. Kuna mteja anataka gari yake ya siti 33 ichorwe maisha ya marehemu babake, kutoka akivuta mkokoteni soko la Gikomba hadi akanunua gari. Anataka mtu akiiona aelewe hadithi bila kuambiwa. Sasa madirisha yanakatakata kila kitu, mstari wa njano nao unapita katikati, na gari inatakiwa barabarani wiki ijayo. Mngefanyaje?

Dere_Mstaafu: Huo mstari zoea, tuko nao tangu sheria za waziri Michuki 2004. Mimi nilikuwa ruti 58 ya Buruburu enzi hizo, muziki unausikia kabla gari haijatokea, makanga wananing'inia mlangoni, siku hizi ni stika tu na kelele

Sis_Kayole: Mstari usiuguse, ufanye barabara, mzee atembee juu yake picha hadi picha. Anzia upande wa mlango, hapo anayetazama anasoma kutoka mbele kwenda nyuma, kisha mwisho uweke nyuma kabisa kwa sababu kwa jam watu wanakodolea hapo. Kwani mwisho ni upi?

FundiRangi_Umoja: Asante sana. Gikomba nimeshaiweka kando ya mlango, upande wa dereva. Mwisho ni wa kawaida tu.

Sis_Kayole: Kawaida aje?

FundiRangi_Umoja: Sawa. Ni anko ya mteja akitoroka na logbuku, hati ya umiliki wa gari, siku ya matanga. Mteja anataka sura yake kabisa. Na anko yuko hai, ana gari ruti hiyo hiyo. Lakini jameni mimi ni mkono tu, mwenye gari ndiye anaongea, nusu ya pesa imeshaingia mafuta na kodi. Sura iko tayari, imebaki logbuku mkononi.

MamaJoy254: Marehemu aachwe apumzike. Mambo ya familia hupelekwa kwa wazee, hayapelekwi barabarani.

WakiliWaJioni: Ukishtakiwa kwa kumchafulia mtu jina, "mimi ni mkono tu" haitakusaidia. Mgeuze atupe mgongo.

Kiherehere_Tu: Nichore na mimi nikikimbia deni la Fuliza 😂

Mpekuzi_Umoja2: Ngojeni. Mlango upande wa dereva?? Kenya dereva anakaa kulia, abiria wanapandia kushoto. Hii hekaya imetungwa. Weka picha.

FundiRangi_Umoja: Ni mlango wa dharura buda! Picha siwezi weka, mteja hajakubali.

Mpekuzi_Umoja2: Sura ya anko amekubali jiji lote lione, picha moja hapa ndio hataki. Sawa.

Dere_Mstaafu: Mlango wa dharura wa gari yetu ulikuwa umefungwa na waya, siku moja askari akauvuta ukabaki mkononi mwake, tukalala ndani wawili mimi na makanga

Kiherehere_Tu: Hiyo ndiyo ichorwe

Sis_Kayole: Fundi, kama ni kweli, muongezee anko ndevu na kofia leo usiku.

FundiRangi_Umoja: Mteja amepiga saa hii. Anataka na bibi ya anko awekwe kwa dirisha la nyuma.