Mliochomwa sindano za mishipa ya miguu tupeane uzoefu, hasa sisi tunaorudi kusini na basi

BintiChuno
Wakuu habari za jioni. Leo asubuhi nimeenda feri ya hapa kwetu Mtwara kununua samaki, kuna mama muuzaji akapandisha khanga ajifunge vizuri nikaona miguu yake, mishipa imejisokota kuanzia nyuma ya goti mpaka kifundoni kama mizizi ya mkoko. Nimerudi nyumbani sina raha kabisa maana mimi nilikuwa hivohivo, varikosi wanaita.

Nasuka saluni, kutwa nimesimama, ilianza na mimba ya pili. Nilipomwachisha mtoto ziwa nikaenda Dar. Wakanipima altrasaundi nikiwa nimesimama, kumbe vile vilango vya ndani ya mshipa vinavyozuia damu isirudi chini vyangu vimelegea. Siku ya sindano daktari akachukua sirinji mbili zimeunganishwa, moja ina dawa nyingine ina hewa, akawa anasukuma huku na huku harakaharaka mpaka ikawa povu jeupe zito. Nikamuuliza daktari hewa hiyo si itaniua? Akaniambia ni kidogo na imepimwa, povu linasukuma damu pembeni ili dawa ishike ukuta wa mshipa, ukuta unaungua kwa ndani unagandana, mshipa unafunga na mwili unaumaliza taratibu, damu inatafuta njia kwenye mishipa mingine mizima. Kuchomwa kwenyewe ni kama kung'atwa na siafu. Kilichonitesa ni soksi ya kubana kwenye joto letu la Desemba. Na madoa ya kahawia yaliyobaki kwenye ngozi, hayo niliyalilia.

Wenzangu ilikuwaje? Na mlirudije huku? Mimi niliambiwa nisikae kwenye gari muda mrefu, na kwetu ndo Mtwara!

Mwl_Newala
Madoa nayajua dada. Yangu yalikaa miezi 11.

Mama wa Mtanda
Umenigusa mdogo wangu. Mimi nilichomwa Mei 2024, wiki ileile ya Kimbunga Hidaya. Daktari aliniambia kaa Dar wiki mbili, nikaona hela ya kula kwa watu itatoka wapi, siku ya tatu nikapanda basi la Lindi. Nimekaa siti ya dirishani, mguu umekunjwa, mbele yangu kuna begi la mtu. Kufika Somanga barabara hakuna! Maji yamekula lami, magari yamepanga foleni huoni mwisho, mvua inanyesha. Tukalala palepale kwenye gari.

Usiku mguu ukaanza kuwaka. Nikapapasa juu ya soksi, upande wa ndani wa paja kuna kitu kigumu kimelala kama kamba ya nanga, ukigusa unaruka. Nikajua basi damu imeganda, itapanda kwenye mapafu nifie barabarani watoto wangu wasinione. Nililia kimyakimya mpaka abiria wa pembeni akaamka. Kuna kaka mmoja akatoa mafuta ya nazi anataka anikande, na nia yake ilikuwa njema jamani, ila bibi mmoja wa Kilwa akamkatalia, akasema huyu asikandwe, atembee. Akanishika mkono tukashuka usiku ule, tukawa tunatembea pembeni ya malori tunaenda tunarudi, matope mpaka kwenye soksi, yeye ana ndala za kuazima na mwavuli umevunjika mbavu mbili. Kila tukichoka tunaegemea tairi. Sijui jina lake mpaka leo.

Asubuhi nikapata gari linalogeuza kurudi Dar. Altrasaundi ikaonyesha damu imenasa kwenye mshipa uleule uliochomwa, ule wa juujuu, mishipa mikubwa ya ndani iko salama. Daktari akatoboa na sindano akakamua, ikatoka damu nyeusi nzito kama uji wa ulezi, maumivu yakapungua palepale. Ila alinisema! Aliniambia ungebahatisha vibaya tungekuwa tunaongea mengine.

Kijana wa Nangurukuru
Pole sana mama. Ile Somanga nilikuwepo, mie nilikwama upande wa huku na mzigo wa machungwa, yote yalioza. Tuliuziwa maji ya chupa bei ya soda mbili.

Mwl_Newala
Sisi tulipikiwa ugali na wanakijiji, Mungu awabariki.

Mzee Mikindani
Kwani nyie wa upande wa Dar mlivuka siku gani?

BintiChuno
Jamani turudi kwenye mishipa tafadhali, Hidaya tutaifungulia mada yake.

Mzee Mikindani
Sawa binti. Basi niseme, hayo mnayoita mishipa huku pwani ni matende. Mnakwepa vidonge vikigawiwa halafu mnaenda kutumbua hela Dar.

Nesi_Masasi
Mzee wangu shikamoo, hapo sikubaliani na wewe. Matende yanaletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, inaziba njia za maji ya mwili, mguu unavimba mzima na ngozi inakuwa ngumu. Hii ni mishipa ya damu, unaiona imetuna, ukilala ukainua mguu inanywea. Vidonge tumeze wote, lakini haviondoi varikosi.

Mzee Mikindani
Marahaba. Mimi nimeona miguu kabla hujazaliwa.

Nesi_Masasi
Ndiyo mzee, na miguu hiyohiyo imepimwa vibaya miaka yote hiyo, watu wanapewa dawa siyo.

Dereva Nachingwea
Msigombane. Mimi mke wangu aliambiwa katupiwa kitu, fundi akamchanja chale juu ya mshipa uliotuna. Damu iliruka mpaka ukutani, haikati, kitenge kizima kimelowa. Tulidhani tumempoteza.

Nesi_Masasi
Hiyo hutokea hata ukijikuna au ukijigonga na kiti. Mlaze chini mara moja, inua mguu juu kuliko kifua, bana palepale kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, ndo mwende hospitali. Usimfunge kamba juu ya goti, na usimwache amesimama.

Mama wa Mtanda
Andika hiyo tena nesi, watu waione.

Asha wa Shangani
Mimi zangu ni zile nyembamba za zambarau kama utando wa buibui, nilichomwa maji ya dawa bila povu, sindano ndogo kama ya insulini. Awamu tatu, kila baada ya wiki sita. Soksi nilivaa siku saba tu.

BintiChuno
Saba? Mimi wiki tatu!

Mwl_Newala
Mimi wiki mbili, usiku navua. Kila daktari na lake. Loweka soksi maji ya baridi kabla hujavaa, joto linapoa.

Asha wa Shangani
Usiloweke, itakuchubua. Poda ndo jibu.

Dereva Nachingwea
Mke wangu sasa ana mimba ya miezi mitano. Achomwe?

Nesi_Masasi
Hapana kaka, mjamzito hachomwi. Mara nyingi inanywea yenyewe baada ya kujifungua, akae miezi kadhaa ndo apimwe. Kwa sasa alalie ubavu wa kushoto, mguu juu ya mto, na asisimame jikoni muda mrefu. Msaidie kupika.

Dereva Nachingwea
Napika nesi. Leo pia nimepika.

Mama wa Mtanda
Na safari, mwenye uwezo akae Dar kwanza. Akishindwa, siti ya pembeni ya njia, na kila basi likisimama ashuke atembee, hata kama watu wanamshangaa.

BintiChuno
Asanteni. Kesho alfajiri narudi feri. Nikimkuta yule mama nitamwambia kwanza ile ya damu, alale, mguu juu, abane na khanga. Ya sindano tutaongea akimaliza kuuza.