Dengi ikirudi Tanga, tutangaze au tunyamaze?

Mama Raskazone:
Wana Tanga, habari za kutwa. Nina nyumba ndogo ya wageni huku Raskazone. Dengi ya 2019 ilitupiga sisi na Dar es Salaam kwa pamoja, lakini wageni wangu wa Dar walighairi kuja, ilhali mbu wale wale walikuwa kwao. Kilichowatisha ni sauti ya WhatsApp: "Msiende Tanga, watu wanakwisha!" Na aliyerekodi, kwa lafudhi tu, ni wa hapa hapa. Iliniuma sana. Kila masika yakikaribia nakosa raha. Ikirudi, wakazi tuseme nini, na jiji lifanye nini?

Fundi wa Duga:
Dada, kunyamaza hapana. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Kwetu mwenyekiti wa mtaa alipita na bwana afya, wakapindua matairi ya gereji moja moja. Ukimulika tochi mle ndani unaona viluwiluwi wanajipindapinda. Mbu huyu hataki mtaro mchafu, anataka maji safi yaliyotuama: tairi, kifuu cha nazi, ndoo, sahani ya chungu cha maua. Tena anauma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Nilipiga picha ya matairi tuliyoyatoboa, nikaituma kwenye kundi la mtaa. Watu wa nje waone hiyo pia, wasisikie vilio tu.

Mstaafu Chumbageni:
Binti yangu, tazama mji wa Surat, India. Mwaka 1994 uliingia tauni, watu laki kadhaa wakaukimbia. Mwaka uliofuata akaja kamishna wa manispaa, S. R. Rao. Aliwatoa maofisa viyoyozini wakague mitaa kila siku, barabara zikafagiliwa hadi usiku, migahawa michafu ikatozwa faini, mkubwa kwa mdogo. Baada ya muda mfupi Surat ikawa inatajwa miongoni mwa miji misafi India. Hakuna tangazo la utalii lingeweza kazi hiyo.

Sisi 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, nchi nzima tukashika mafagio kwa ajili ya kipindupindu. Vizuri, lakini ile ni siku moja. Halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, izisimamie mwaka mzima. Na faini isimwangukie mama ntilie peke yake huku mwenye ghala lililojaa makopo ya maji anapigiwa saluti. Wananchi wakiona upendeleo huo hawafagii, na hiyo sauti ya WhatsApp wataisambaza kwa hasira.

Mama Raskazone:
Shikamoo mzee, hapo umenigusa. Basi ombi langu: maradhi yakiingia, jiji litoe taarifa kila siku, kata kwa kata, wagonjwa wangapi na nini kinafanyika. Mgeni akipiga simu nimtumie hiyo, nimwambie na madirisha yangu yana wavu. Nisibaki kuapa tu kwamba kwetu ni salama.

Fundi, Jumamosi ya usafi mwisho wa mwezi huu mnaanzia wapi? Nije na vijana wangu wawili.