Muuza spea kanichungulia kupitia filta ya hewa, eti "nakuona mpaka kitambi"

Wakuu, naandika nikiwa bado ndani ya gari, mikono inatetemeka. Herufi zikirukwa mnivumilie.

Yule bwana wa spea. Mnamjua. Yule anayevaa miwani ya jua ndani ya duka lisilo hata na dirisha. Leo kanivua nguo mchana kweupe mbele ya mafundi, mama ntilie na konda mmoja aliyekuja kuomba chenji tu.

Nimeingia kistaarabu, nimesalimia: "Kaka, naomba filta ya hewa ya Toyota IST, ya karatasi, mikunjo ya kutosha. Nakaa Chanika ndani ndani, vumbi la kule ukipiga chafya linatoka tofali." Nikamwambia wazi kabisa sitafuti ya kupitisha hewa nyingi, natafuta ya kuzuia vumbi. Akatoa dude halina boksi, mikunjo imeachana mpaka unaweza kuanika soksi katikati. Akalinyanyua kwenye taa, akafumba jicho moja, akanitazama MIMI kupitia hilo dude, akasema: "Nakuona mpaka kitambi."

Duka zima likaanguka. Konda alicheka hadi akaondoka bila chenji.

Wakuu, kama mimi na uzito wangu wote naonekana upande wa pili, punje ya mchanga si inapita na mabegi yake? Nikamwambia hiyo si sifa ya filta. Akapandisha sauti, eti, "Injini inataka kupumua, si kuchujwa kama tui." Kisha akawageukia watu: "Hawa wa IST ndivyo walivyo." Sisi wa IST tumeshakuwa kabila?

Ya kupumua nikapumulie wapi? Mimi siendi mashindano, naenda Buguruni. Pale kwenye foleni hata wakufungie injini ya ndege utafika saa ileile.

Na bei akataja ya orijino, bila aibu.

Hata angeniuzia feki kimya kimya ningemezea. Lakini kunifumbia jicho moja? Kitambi changu kinahusika vipi na silinda? Kwanza shati lilikuwa limejaa upepo.

Msinunue pale. Nimemaliza.

Sijamaliza. NAKUONA MPAKA KITAMBI!

Ngoja_Waje:
Ngoja waje wenye magari. Sisi wa daladala tumekaa pembeni na karanga.

Bidada wa Tegeta:
Mwenye miwani! Jamani yule! Mimi aliniuzia filta ya AC akaapa ni ya injini. Fundi alipofungua boksi alikaa chini kwanza, akaomba maji.

Picha_Kwanza:
Bila picha huu uzi ni chai. Namaanisha picha ya kitambi, filta tunazijua.

Fundi Bila Gereji:
Mleta uzi una haki ila hasira zimekuzidi. IST yako kama ina injini ya 1NZ, ina cc 1496. Ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika na umekanyaga mpaka chini, inavuta karibu lita 2000 za hewa kila dakika. Filta nzuri ya karatasi inapitisha hiyo hewa bila kulalamika, ndiyo kazi ya ile mikunjo: karatasi ndefu imekunjwa ikae kwenye boksi dogo. Mikunjo ikiwa michache, karatasi ni fupi, inaziba mapema.

Zile za pamba ya kupakwa mafuta kweli zinapumua zaidi, lakini vumbi laini nalo linapumua humo humo. Ukizidisha mafuta yanaenda kukaa kwenye waya wa sensa ya hewa, taa ya cheki injini inawaka, unaanza kuroga majirani.

Halafu acheni kuipuliza kila Jumamosi. Karatasi ikishashika vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko ilivyotoka dukani, maana lile vumbi la juu linasaidia kukamata jingine. Anayelazimika kupuliza apulize kwa upepo mdogo, kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Kompresa ya kujazia tairi inaitoboa na hutaona tundu.

Mleta uzi:
Asante fundi kwa darasa, ila naona umeruka suala la kitambi.

MzeeWaProbox:
Mnahangaika bure. Mimi naifua na sabuni ya unga, naianika kwenye kamba, kesho inarudi kazini. Probox inatembea.

Fundi Bila Gereji:
Mzee, unafua KARATASI? Oili unaongeza lini?

MzeeWaProbox:
Kila nikienda kujaza petroli.

Fundi Bila Gereji:
Na moshi wa bluu nyuma?

MzeeWaProbox:
Huo unafukuza mbu.

Fundi Bila Gereji:
Mzee, hapo mchanga umeshasaga ringi za pistoni na kuta za silinda, oili inapanda juu inaungua pamoja na petroli. Andaa hela ya oveholi.

Bidada wa Tegeta:
Mzee wa Probox usimsikilize, mbu wa dengue ni hatari.

Kanyaga_Twende:
Mimi sijali mchanga, nataka kujua kama filta chafu inakunywesha mafuta. Gari langu linakunywa mpaka nashuku lina mgeni.

Msomi wa Mabibo:
Wamarekani walilipima hilo 2009 katika maabara ya Oak Ridge. Kwa magari ya petroli ya injekta, filta iliyoziba haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha kushtua. Gari lilichelewa kuchanganya mwendo tu. Hewa ikipungua kompyuta nayo inapunguza petroli. Magari ya zamani ya kabureta ndiyo yaliyoumia zaidi.

Kanyaga_Twende:
Waje wapimie Chanika kwa mleta uzi.

Mleta uzi:
Mnaona sasa! Na ndiyo nilikuwa nataka kumweleza yule bwana, kabla hajaninyanyulia lile dude na kufumba jicho. Jicho la kushoto, nalikumbuka.

Ngoja_Waje:
Mkuu, alikuona kwa miwani ya jua, kupitia filta. Hicho kitambi kina namba ya usajili?

Dogo wa Boda:
Nyie mna afadhali. Boda niliyoazima mwenyewe katoa sponji ya filta kabisa, eti pikipiki ilie vizuri. Inalia kweli. Sasa hivi inalia na mimi nalia.

Mkulima_Hewa:
Vijana mnateseka na karatasi na sponji. Trekta la mzee wangu, Massey Ferguson 135, chini ya filta kuna bakuli la oili. Hewa inagonga oili, vumbi linabaki humo, unamwaga tope, unaweka oili mpya, unarudi shambani. Hakuna cha kwenda kuchunguliwa dukani.

Msomi wa Mabibo:
Ni kweli, ila oili hiyo huacha vumbi laini lipite zaidi kuliko karatasi. Ndiyo maana matrekta ya siku hizi yamehamia...

Mkulima_Hewa:
Sijui la siku hizi. La kwetu shemeji aliliazima alime eka moja, tangu hapo tunaliona barabarani limebeba mchanga wa watu.

Bidada wa Tegeta:
Shemeji! Usinikumbushe. Wangu kachukua jenereta kwenye msiba akasema atairudisha arobaini ikiisha. Marehemu angeshafufuka.

MzeeWaProbox:
Wangu anaendesha ile Probox Jumapili. Inawezekana mchanga ni wake.

Kanyaga_Twende:
Mkulima, nenda serikali ya mtaa na kadi ya trekta. Shemeji haogopi dada, anaogopa mhuri.

Mkulima_Hewa:
Mwenyekiti wa mtaa ndiye shemeji.

Mleta uzi:
Bidada, hiyo jenereta ni ya kilowati ngapi? Maana shemeji yangu mimi wiki iliyopita kaja nyumbani anauza moja, hana risiti, na anataka hela leo leo.